Miaka Yangu Mlangoni mwa Baraza, na Lile Neno Nililoliongeza

Ufunguo wa baraza nimeurudisha Jumatatu. Jumanne asubuhi nikajikuta nimesimama tena mbele ya ule mlango, mkono mfukoni, natafuta ufunguo. Vijana wa biro, ofisi ya baraza, walicheka mpaka wakashika meza. Mmoja akaniambia, "Baba Ramazani, kuliko kulinda mulango wenye si wako tena, ukae uandike. Sisi tulikuta mambo imekwisha kupangwa. Ninyi ba zamani mulikuwa munamuulizaje Shefu?"

Basi naandika. Chuo cha Kurani nilikaa mpaka mwalimu akachoka, na shule ya mission nilikaa miaka miwili mpaka mimi nikachoka. Mkiona herufi imelala kifudifudi, muiamshe wenyewe. Mambo ya cheo sitaandika, sababu planton, tarishi wa mlangoni, hapandi cheo. Anazeeka tu, na kofia inazeeka naye. Nitaandika miaka ile ya hamsini na kitu, tulipopata baraza la watu waliochaguliwa na vijiji, wakati Mbelgiji bado yuko.

Kabla ya kazi hii nilikuwa mpiga kafi. Nilivusha watu kati ya Baraka na Ubwari, ng'ambo ile mnayoiona kila siku kama mgongo wa mamba ndani ya ziwa. Nikikaribia ufuko wa Baraka nilikuwa naita wenye mizigo kwa majina yao, na sauti yangu ilifika mpaka kwa Shefu wa sekteri, mkubwa wa eneo letu lote, amekaa kwake anakula bugali. Siku moja akatuma mtu aniite. Nilidhani amechoka na makelele yangu. Kumbe amefurahi. Akasema, "Huyu akiita batu ba baraza, hata bale benye kufa batakuja na viti byabo." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya leta, yaani ya serikali, kwa sababu ya mapafu.

Aliyenifundisha ni Mzee Songolo, planton wa kwanza, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha baraza wala wakubwa. Alinionyesha kengele. Ilikuwa springi ya kamyo, lori bovu, imening'inia kwa waya, na unaipiga na bulon, parafujo ya chuma kubwa kama kidole gumba cha mtu mnene. Mara tatu kufungua baraza, mara moja kufunga. Akanionyesha ufagio, na kinga ya leta, baiskeli nzito isiyo na breki, ambayo ningeipanda kupeleka barua Fizi. Mlima wa Fizi unaujua tu ukiusukumia kinga.

Halafu akanionyesha kiti kimoja kirefu chenye mguu mfupi. "Hiki," akasema, "ukimuona muntu mwenye maneno mingi, umukarishe hapa." Nilikitumia miaka mingi. Kiti kile kimefupisha mikutano kuliko sheria yoyote ya leta.

La mwisho alinifundisha kubeba neno. Alinishika sikio, mtu mzima mimi mwenye ndevu, akasema, "Ramazani, neno ya muntu ni sufuria iko moto. Usiitikise, usiionje, usiongeze chumvi. Ukiongeza chumvi yako, siku ile wewe si planton tena."

Sasa nieleze jinsi neno lilivyokuwa linatembea, sababu ninyi mnasimama tu na kumwambia mkubwa "jibu hili si kweli", na jua linaendelea kuwaka. Siku zile, katika baraza letu, mtu hakumtupia Shefu swali usoni. Ilikuwa kama kumshika ndevu. Mwenye swali alimwambia planton, planton akamwambia Shefu, hata kama wote watatu wako ndani ya chumba kimoja, hatua nne, na Shefu amekwisha kusikia. Shefu naye akamjibu planton, na mwenye swali akatazama mabati juu kama mtu asiyehusika. Zamani, wazee wa baraza walipokuwa wale Shefu anaowapenda mwenyewe, kazi ilikuwa ndogo. Hakuna aliyeuliza kitu, isipokuwa kama Shefu ameamkaje.

Mwaka ule leta ikasema vijiji vichague watu wao. Wakaja makonseye wapya, wametumwa na watu, na nyuma yao watu wanangoja majibu. Hapo ndipo mimi nilipoanza kutoka jasho.

Swali la kwanza nililobeba lilikuwa la choo. Leta ilikuwa na amri: kila nyumba ichimbe choo, kirefu kwenda chini kama mtu mzima ameinua mkono. Shefu aliisimamia kwa ukali, watu wakachimba mpaka mikono ikaota sugu. Basi akasimama konseye mmoja wa mlimani, mfupi, mwenye kikohozi. Akasema, "Ramazani, umuulize Shefu. Batu bote bamechimba. Choo yake iko wapi?"

Nikageuka. "Shefu, mzee anauliza choo yako iko wapi."

Shefu akaniangalia kama mimi ndiye niliyekwenda kujisaidia mbele ya mlango wake. "Umwambie tunaiangalia."

"Mzee, Shefu anasema wanaiangalia."

"Umuulize, banaiangalia na macho gani, kama haiko?"

Nikabeba na hilo. Jioni nikamsimulia mke wangu Zaina, akacheka mpaka bugali ikaungua. Akafuta machozi, akauliza, "Na yetu?" Maana shimo letu nilikuwa nimelianza, limefika magotini, na bata wa jirani walikuwa wanaogea humo. Nikamwambia, "Naiangalia." Akasema kumbe ugonjwa wa baraza unaambukiza.

Hapo nimtaje Sekretere Etiene, sababu bila yeye kisa hiki hakiko. Kijana safi wa mission, nywele zimepasuliwa katikati kama barabara. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Alifundishwa kwamba raporo ya baraza inaandika kinywa kilichosema, haiandiki kinywa kilichotaka kusema. Kila baraza likiisha, aliandika raporo kwa wino wa zambarau, akaifunga, akanipa niipeleke Fizi kwa Bwana Administratere, Mbelgiji mkubwa wa huko. Mimi nikaipandisha mlimani ndani ya mfuko wangu. Sikuifungua hata mara moja. Barua ya leta haifunguliwi na planton. Kama ningeifungua ningejua mapema kwamba nabeba msiba wangu mwenyewe mgongoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Konseye wa Ubwari alikuwa Mzee Asukulu, mvuvi wa ndagala, mrefu, mpole, ana tabia ya kutoa koo, khm-khm, mara mbili kabla ya kusema. Sekteri ilikuwa imeahidi watu wa Ubwari kwamba kila mwezi ukiandama, mtumbwi wa sekteri utamvusha munganga wa dispanseri ya Baraka, awapime bamama wenye mimba na kuwachoma batoto sindano. Mtumbwi ulitengenezwa, mzuri kabisa, ubao wa rangi ya kijani. Ukavuka mara mbili. Halafu ukavutwa juu ya mchanga nyuma ya nyumba ya Shefu, na kuku wa Shefu wakauona ni mahali pazuri pa kutagia. Shefu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mlimani, ziwa alilipenda akiwa amelipa kisogo, na kuku wake aliwapenda kweli.

Mzee Asukulu akauliza, "Ramazani, umuulize Shefu, sababu gani mutumbwi wa munganga hautoki?"

Jibu: "Umwambie kafi moja imevunjika."

Baraza la pili akauliza tena sababu gani. Jibu: upepo. Baraza la tatu, sababu gani. Jibu: mpiga kafi ana jipu. Nilimjua yule mpiga kafi, hakuwa na jipu wala chunusi. Lakini sufuria ya moto, usionje. Nikabeba jipu lile kama nilivyopewa.

Wakati huo huo Zaina alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Kwao ni Ubwari, na kwao mimba ya kwanza inakwenda kuzaliwa kwa mama. Mamamukwe alituma habari, Zaina akafunga kitambaa chake, nikamvusha mwenyewe. Wakati tuko katikati ya maji akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, na Zaina si mtu wa kuogopa mawimbi. Nilijua anafikiri nini. Mwaka uliotangulia dada yake alishikwa na uchungu kule, mtoto hakutaka kutoka, wakampakia kwenye mtumbwi wa uvuvi kumleta Baraka. Alizalia katikati ya ziwa, juu ya nyavu. Dada alipona. Mtoto hakupona.

Nikamuacha Zaina kwa mama yake, nikarudi kwenye kengele yangu.

Baraza la nne. Mzee Asukulu akatoa koo mara mbili. "Ramazani, umuulize Shefu, sababu gani mutumbwi wa munganga hautoki?"

Nikageuka kwa Shefu. Kupitia dirisha nyuma yake nauona mtumbwi, na kuku mwekundu amekaa kwenye ncha yake ya mbele kama kapiteni. Nikafungua kinywa. "Shefu, mzee anauliza sababu gani mutumbwi wa munganga hautoki." Nilipaswa kuishia hapo. Ulimi ukaendelea wenyewe. "Na utatoka siku gani?"

Kalamu ya Etiene ikakwaruza. Shefu akainua nyusi. Katika kazi yake yote watu walikuwa wamemuuliza sababu gani, na sababu alikuwa nazo nyingi, gunia zima. Siku hakuwa nayo hata moja.

Akaniambia polepole, "Ramazani. Ile ya siku, ni yeye amesema?"

Mzee Asukulu, badala ya kuangalia mabati, akanitazama mimi. Alikuwa na masikio mazuri, alijua amesema nini na hakusema nini. Akatoa koo. "Ramazani, umwambie Shefu ni mimi nimesema. Nilisema kidogo-kidogo, sababu ya meno."

Mzee yule alikuwa na meno yote.

Shefu akasema, "Umwambie tunaangalia." Baraza likafungwa. Usiniulize kama nilikuja kumshukuru mzee. Nilijificha nyuma ya jengo, nafagia mahali palipofagiwa. Na raporo nikaipeleka Fizi kama kawaida, nasukuma kinga, naimba hata.

Baraza la tano, Bwana Administratere akaja mwenyewe na kamyoneti yake, vumbi mpaka ndani ya masikio. Ana raporo zote chini ya kwapa. Akatafuta mahali pa kukaa na, Mungu nisamehe, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha mguu mfupi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kiti kikamuinamisha upande wa Etiene, akakaa hivyo hivyo, amepinda, kama mtu anayesikiliza siri.

Akasema Kiswahili chake, "Mimi nimesoma raporo yote. Hapa iko konseye moja ya akili sana. Ameuliza choo, ameuliza barabara, ameuliza mihogo, ameuliza mutumbwi. Bengine bote balala. Mimi nataka kumuona. Konseye Ramazani asimame."

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Ndiyo kazi yangu. Sikujua nisimame zaidi namna gani. Nikavua kofia.

Shefu akasema, "Bwana, huyu ni planton."

"Planton? Planton inauliza Shefu mambo ya leta?"

"Haulizi, Bwana. Anabeba."

"Anabeba nini?"

"Maneno."

Bwana akamgeukia Etiene. Etiene akasimama wima, masikio mekundu, akasema, "Bwana, niliandika kinywa yenye kusema. Kinywa yenye kusema ilikuwa ya Ramazani."

Bwana Administratere akawa rangi ya embe bivu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema, "Toka leo, kila konseye anauliza na kinywa yake, anaangalia Shefu. Shefu anajibu yeye. Watu walikuchagua wewe, hawakuchagua planton. Na wewe, planton, ukifungua kinywa tena ndani ya baraza hii, unarudisha kofia. Sasa. Nani iko na swali?"

Nasikia kuku wa Shefu nje. Makonseye wote, watu waliokuja na maswali tumboni tangu mwezi mzima, wakageuka mawe. Konseye wa mlimani alikohoa mpaka kikohozi kikaisha. Kumwangalia Shefu macho kwa macho na kumtupia swali! Hata asiyempenda Shefu hakutaka kuwa wa kwanza. Shefu naye akaanza kutabasamu kidogo pembeni ya mdomo. Aliona Bwana amemfanyia kazi nzuri.

"Hakuna swali?" Bwana akachukua kofia yake. "Basi imekwisha. Planton, piga kengele."

Nikashika bulon. Zaina alikuwa amekaribia kuzaa. Mwezi ule ule ndio alitazamiwa. Nikipiga kengele, baraza limefungwa, na lingine ni mpaka mwezi mwingine. Nikisema neno, kofia imekwenda. Toka mahali pangu mpaka kwenye springi ni hatua tano. Ndugu zangu, nilizitembea kama mtu anayevuka matope na ndoo kichwani. Nikafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakikuwa na kamba.

Nikasikia mtu anatoa koo mara mbili.

Mzee Asukulu amesimama. Akamtazama Shefu, akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena. Jasho linamtoka kama amevuta nyavu. Halafu, polepole, akageuza shingo mpaka macho yake yakafika kwenye kiti cha mguu mfupi.

"Bwana Administratere."

"Eh?"

"Umuulize Shefu, mutumbwi wa munganga utatoka siku gani?"

Na Bwana Administratere, maskini, kwa haraka ya mtu anayetaka kurudi Fizi, akageuka. "Shefu, mutumbwi ya munganga itatoka siku gani?"

Shefu akasema, "Tuna..." Nikaona neno "tunaangalia" limefika mpaka kwenye meno. Lakini nani atamwambia Bwana Administratere tunaangalia, wakati mtumbwi unaonekana dirishani na kuku juu yake? Akalimeza.

"Kesho, Bwana. Asubuhi."

Bwana akamgeukia mzee. "Anasema kesho asubuhi."

Alibeba vizuri sana. Hakutikisa, hakuonja, hakuongeza chumvi. Mzee Songolo angemvisha kofia papo hapo.

Basi mlango ulifunguka. Wakainuka wote. "Bwana Administratere, umuulize Shefu, choo yake itaisha siku gani?" Bwana akageuka, akauliza, akarudisha jibu: wiki mbili. "Bwana, umuulize Shefu, kile kidaraja cha huku kwetu kitafungwa mbao siku gani?" Akabeba. Kila mmoja na siku gani yake, kama watoto waliogundua filimbi. Shefu anatoa siku baada ya siku, uso umemchachuka, na Etiene anaandika wino unarukaruka. Kiti kinamtikisa Bwana kila akigeuka, kulia, kushoto, kulia.

Ilikuwa kwenye swali la tano, la mihogo, alipofungua kinywa kumwambia Shefu, akasimama hapo hapo. Akamtazama mwenye swali. Akamtazama Shefu. Akanitazama mimi niliyebaki na bulon mkononi. Nikaona amejua sasa yeye ni nani ndani ya chumba kile. Nikaanza kusali.

Akavuta pumzi ndefu. "Planton."

"Bwana."

"Kuja fanya kazi yako. Mimi nimechoka."

Nikavaa kofia. Alimwambia Etiene kwamba toka siku ile raporo iandike mwenye neno kwanza, halafu mbebaji. Ndiyo asili ya zile safu mbili za buku la baraza ambazo ninyi vijana mliniuliza maana yake nikawaambia nimesahau.

Kesho yake asubuhi tuliwatoa kuku. Wote waliondoka kwa heshima isipokuwa yule mwekundu, aliyemdonoa munganga kidole mpaka kikafungwa kitambaa, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa safari alikuwa munganga mwenyewe. Mpiga kafi ilikuwa mimi. Niliomba ruhusa kwa Shefu, akanipa bila kunitazama. Mzee Asukulu alikaa mbele. Tulipofika katikati ya maji nikapata nguvu ya kusema.

"Mzee, ile siku gani..."

"Najua."

"Nisamehe. Nilitia chumvi."

"Mi nilimuuliza sababu gani mara nne," akasema, "na mara tatu alinipa sababu. Yako ndiyo ilikuwa na meno. Piga kafi, mutoto wa batu."

Zaina alishikwa na uchungu siku ya tatu, munganga akiwa bado yuko kule anachoma sindano. Mtoto alikuja matako mbele. Mamamukwe alikuwa mkunga anayejulikana, hahitaji msaada wa mtu, haupendi, na hausifu. Siku ile alitoka nje mwenyewe, mikono imelowa, akaniambia mimi niliyekaa juu ya kinu, "Kama yule mwenye kidole kufungwa hangekuwako, mukwe, saa hii tungekuwa tunaongea mengine." Halafu akarudi ndani haraka, nisije nikazoea kusikia maneno mazuri. Msichana. Analia kwa sauti yangu ile ile ya ufukoni.

Munganga na mamamukwe walipotoka, nikaingia nikamsimulia Zaina kisa chote, kengele, kiti, kiatu kisicho na kamba, Bwana Administratere anageuka kulia na kushoto. Nikamaliza na sehemu yangu, lile neno nililoliongeza mwenyewe, nikanyoosha kifua. Alicheka amemshika mtoto, machozi yakamtoka, akayafuta na pembe ya kitambaa. Halafu akanitazama vizuri.

"Basi Ramazani," akasema, "na choo yetu? Itachimbwa siku gani?"

Nikafungua kinywa. Neno nililijua, nilikuwa nimelibeba mwaka mzima, lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Nikalimeza kama Shefu alivyolimeza. Asubuhi nilivuka kurudi Baraka bila Zaina, nikawafukuza bata, nikaingia shimoni na jembe.